Barua ya wazi kwa Mkuu wa Shule na Bodi ya Shule: Kombe lina wenyewe

Kwa: Mkuu wa Shule na Mwenyekiti wa Bodi ya Shule

YAH: SHUGHULI NA MAFANIKIO YA WANAFUNZI WETU MWAKA HUU

Ndugu Mkuu wa Shule,
Ndugu Mwenyekiti wa Bodi,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule mnayoiongoza. Jina la shule silitaji hapa, maana sikukusudia kuiaibisha. Watoto wangu wawili wamepita mikononi mwenu, na yule mkubwa alitoka hapo na daraja la pili na adabu ambayo majirani wananisifia mpaka leo. Kwa hilo nawashukuru, na nitaendelea kuwashukuru.

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu milango mingine nimekwisha kuigonga. Julai nilionana na mwalimu wa taaluma. Agosti niliandika barua, nikaipeleka kwa karani wa shule, akaigonga muhuri wa kupokelewa nikiwa nimesimama pale pale. Septemba, kwenye kikao cha wazazi, tulipofika kwenye "mengineyo" nilinyoosha mkono, nikaambiwa muda umekwisha. Oktoba niliiandikia Bodi. Sasa ni Novemba, shule iko mbioni kufunga, na sijapata jibu hata la mstari mmoja.

Kabla ya malalamiko, niseme kwanza watoto walichofanya mwaka huu, kwa sababu wazazi wengi hawajui. Wasichana wetu walitwaa kombe la netiboli la wilaya kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na wanne kati yao wakachaguliwa kuingia timu ya mkoa. Klabu ya sayansi ilitengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga, na vifaranga wakatoka kweli. Klabu ya Malihai, ile ya wanyamapori na mazingira, ilipanda miche upande wa nyuma wa madarasa ya kidato cha kwanza, pale palipokuwa na korongo, na iliyo mingi imeshika kwa sababu watoto waliimwagilia kwa madumu kiangazi chote. Kwaya iliimba mbele ya Mkuu wa Wilaya. Yote haya yamefanyika ndani ya mwaka mmoja, katika shule ya kutwa ambayo wanafunzi wake wengi hutembea zaidi ya saa moja kufika darasani.

Mambo hayo shule imeyapokea kama sifa yake. Walioyafanya imewaacha wajitegemee, na walipoyamaliza haikuwataja. Hilo ndilo lalamiko langu, nami nitalieleza kwa namba ili mnijibu kwa namba.

1. Kombe halina majina na vyeti havijatolewa

Kombe la netiboli liko kwenye kabati la vioo nje ya ofisi ya Mkuu wa Shule. Mbele yake kuna karatasi iliyochapwa maneno "Ushindi wa Shule", na chini yake jina la mwalimu wa michezo na jina la Mkuu wa Shule. Hakuna jina la mchezaji hata mmoja. Kwenye mahafali ya kidato cha nne risala ilisomwa kwa dakika ishirini na kitu. Mgeni rasmi alishukuriwa mara tatu. Wafadhili wa rangi ya jengo la utawala walitajwa mmoja mmoja, wakasimama, wakapigiwa makofi. Wasichana waliolileta kombe walikuwa wamekaa nyuma kwenye mabenchi ya wahudumu, maana ndio waliopewa kazi ya kugawa soda.

La vyeti ndilo lililoniuma zaidi. Siku ile ya Agosti nilipoleta barua, karani alifungua kabati la pili kutoka mlangoni kutafuta wino wa muhuri. Akashusha boksi la chaki, na chini yake kukawa na bahasha ya kaki iliyoandikwa jina la shule yetu kwa kalamu nyekundu. Nilimwomba niione, akaniruhusu. Ndani mlikuwa na vyeti kumi na viwili vya ushiriki wa UMISSETA, vyenye saini na muhuri wa halmashauri, vya mwezi Juni. Cha binti yangu kilikuwa cha nne. Jina lake la kati limekosewa herufi moja. Kona za juu zilikuwa zimekunjamana na kuingia vumbi jeupe la chaki. Nilipouliza kwa nini hawajapewa, nikajibiwa kwamba vinasubiri siku ya kuvikabidhi rasmi. Julai ilishapita, Agosti ikapita. Mahafali, ambayo yangefaa kuwa ndiyo siku yenyewe, nayo yakapita.

Kwa mtoto wa sekondari cheti hicho si karatasi tu. Akitaka kujiunga na timu ya chuo, au akienda kuomba nafasi kwenye klabu, ndicho cha kumwonyesha mtu kwamba alifika. Na hata asipokwenda popote nacho, atakitundika ukutani kwa mama yake, na wadogo zake watakisoma.

2. Waliolipa ndio waliocheza

Kabla ya mashindano ya wilaya kila mchezaji aliambiwa alete shilingi 15,000 za jezi na nauli. Mimi nilitoa. Sikupewa stakabadhi, na kosa langu ni kwamba sikuidai. Lakini katika timu kulikuwa na mfungaji, msichana mrefu wa kidato cha pili anayelelewa na bibi yake anayeuza mboga. Huyo ndiye aliyekuwa akifunga karibu nusu ya magoli yetu. Hakuwa nazo. Asubuhi ya safari alikuja na sare yake na viatu vya kuazima, akashushwa kwenye gari mbele ya wenzake, nafasi yake akapewa mwingine ambaye mzazi wake alikuwa amelipa.

Wenzake walikwenda wakashinda bila yeye. Binti yangu aliporudi na furaha ya kombe, ndilo jambo la kwanza alilonisimulia, kabla hata ya kunitajia magoli. Alisema gari lilipoondoka, yule mwenzao alikuwa bado amesimama getini akiwapungia mkono.

Ndugu zangu, Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016. Mzazi anaweza kuchangia kwa hiari yake, na wengi wetu tuko tayari. Lakini mchango ambao mtoto asipoutoa anashushwa kwenye gari hauwezi kuitwa wa hiari. Mngetuita wazazi wa wachezaji kumi na wawili mkatueleza kwamba mmoja hana, tungemlipia jioni ile ile. Hatukuitwa.

3. Mashine ya vifaranga imefungiwa stoo

Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Klabu ya sayansi ina wanafunzi kumi na mmoja. Walichukua kasha la mbao lililokuwa limetupwa, wakalibandika maboksi ndani ili kutunza joto, wakafunga balbu mbili na feni waliyoitoa kwenye kompyuta mbovu, wakaweka sahani ya maji kwa ajili ya unyevu. Kipimajoto walikinunua kwa pesa zao za matumizi. Yai la kuku linahitaji joto la kama nyuzi 37.5 kwa siku 21, na linageuzwa mara kadhaa kwa siku. Watoto walijipangia zamu, na waliokaa jirani na shule wakachukua zamu za Jumamosi na Jumapili. Umeme ulipokatika hawakukata tamaa. Mmoja wao alibuni kuzungushia mayai chupa za maji ya moto yaliyochemshwa kwa mama lishe nje ya geti, na kuzibadilisha kila zinapopoa, huku mwenzake akiandika joto kwenye daftari kila nusu saa. Hilo daftari nimelishika kwa mikono yangu. Kuna ukurasa wenye mistari kumi na minne ya siku moja ambayo umeme ulikatika tangu saa nne asubuhi hadi jioni, na pembeni mtoto ameandika: "Imeshuka hadi 34, tumeipandisha."

Kati ya mayai thelathini walitoka vifaranga kumi na tisa. Watoto waliruka na kushangilia hadi kengele ikagongwa kuwatuliza.

Siku iliyofuata waliitwa ofisini. Waliambiwa kwamba mambo hayo hayapo kwenye mtihani, kwamba waache kupoteza muda, na kwamba waya zao ni hatari. Mashine ikafungiwa stoo, na hadi leo imo humo. Lakini wakaguzi wa halmashauri walipokuja Septemba ilitolewa, ikapanguswa vumbi, ikaonyeshwa kama mradi wa shule, na watoto hawakuitwa kuieleza. Jioni ikarudishwa stoo.

Nchi hii inapaswa kuwa makini kuliko nyingine zote katika kuwanyamazisha watoto wenye maswali, kwa sababu tunayo historia ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba. Kidato cha tatu, kama binti yangu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu, nafasi kwenye jokofu ikawa ya kugombania, naye akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto bila kusubiri yapoe. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaingiza bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena, na mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ikawa kicheko cha darasa. Kisha siku moja Dkt. Denis Osborne wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alikuja kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akasimama mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka, akauliza swali lile lile. Osborne hakumcheka. Alikwenda akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha pamoja matokeo yao kwenye jarida la elimu ya fizikia nchini Uingereza. Wanasayansi bado wanabishana juu ya jambo hilo na sababu zake, na wanapobishana wanalitaja kwa jina la mwanafunzi wa Kitanzania.

Wale watoto kumi na mmoja hawaombi kuandikwa kwenye majarida. Wanaomba stoo ifunguliwe, na mwalimu wa fizikia awasaidie kuzifunga hizo waya vizuri kama tatizo ni hatari.

4. Tangazo la shindano la insha

Hili ni fupi. Kila mwaka nchi za SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, huwa na shindano la insha kwa wanafunzi wa sekondari, na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina lake. Matangazo hupitia ofisi za elimu hadi shuleni. Mwaka huu tangazo la shindano mojawapo lilibandikwa kwenye ubao wetu siku tatu baada ya tarehe ya mwisho. Binti yangu alilinakili akidhani ni la mwakani. Nataka kujua lilikaa wapi, na kwa muda gani.

5. Kipindi cha michezo kimeliwa

Ratiba iliyobandikwa ubaoni inaonyesha michezo na klabu siku mbili kwa wiki kuanzia saa tisa alasiri. Tangu Februari vipindi hivyo vimekuwa vya majaribio na masomo ya ziada kwa madarasa yote, hata kidato cha kwanza. Timu ya netiboli ilifanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kuhesabu namba, uwanjani kukiwa bado na giza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka sisi wazazi tumpe mtoto haki ya kucheza na kupumzika. Nitaitimizaje, ikiwa mtoto anatoka nyumbani gizani na kurudi gizani?

Najua baadhi ya majibu, maana nimeshayasikia kwa mwalimu wa taaluma.

Mtasema shule inapimwa kwa matokeo ya kidato cha nne. Ni kweli, na mimi pia nataka binti yangu afaulu. Lakini Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza matokeo Januari 2023, liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Mtaala ulioboreshwa umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, ulioanza na kidato cha kwanza katika baadhi ya shule Januari 2024, kwa sababu taifa limeona kwamba kujua kutengeneza kitu kwa mikono nako ni elimu. Sasa sisi tuna watoto waliotengeneza kitu kabla hata mkondo huo haujawafikia, nasi tunawaita ofisini kuwakaripia. Na niseme jambo ambalo mwalimu wa taaluma analo kwenye vitabu vyake na anaweza kulithibitisha: kati ya wanafunzi kumi na mmoja wa klabu ya sayansi, hakuna aliyeshuka nafasi darasani muhula uliopita.

Mtasema walimu ni wachache. Najua. Mwalimu wa fizikia ni mmoja kwa madarasa yote na anachoka. Nimemwona akisahihisha madaftari kituo cha daladala. Lakini kumwandika mtoto jina kwenye karatasi ya kombe hakuhitaji mwalimu wa ziada. Kutoa vyeti kwenye bahasha hakuhitaji ikama. Na kuhusu klabu, tuko wazazi tunaoweza kusaidia: mmoja ni fundi umeme mwenye leseni, mwingine alicheza netiboli timu ya mkoa ujanani mwake. Hawajawahi kuombwa.

Mtasema fedha hazitoshi. Hilo nalikubali bila ubishi. Ndiyo maana naomba mtuonyeshe hesabu, ili tujue pengo ni kiasi gani tulizibe.

Na nimeambiwa pia, kwa sauti ya chini, kwamba mzazi anayelalamika sana humponza mwanawe. Sitaki kuamini kwamba kauli hiyo ilitoka kwenu. Ila nasema wazi, mbele ya wote wanaosoma: barua hii nimeiandika mimi. Binti yangu alinikataza. Akiitwa ofisini kwa sababu yake, nitakuja naye, na nitakuja na wazazi wenzangu.

Ninayoomba ni haya:

(a) Vyeti vya UMISSETA vitolewe mstarini, mbele ya shule nzima, kabla ya kufunga muhula huu, na aliyekosewa jina arekebishiwe.

(b) Karatasi iliyo mbele ya kombe ibadilishwe, iandikwe majina ya wachezaji wote kumi na wawili, na jina la yule msichana aliyeachwa getini liwemo. Alicheza mechi zote za kata.

(c) Bodi itoe taarifa ya maandishi ya fedha zilizokusanywa kwa wachezaji: kiasi gani, zimetumikaje, na nani aliamua kwamba asiyelipa asisafiri. Bibi wa yule msichana aombwe radhi. Nimezungumza naye; hataki fidia, anataka mtu mzima wa shule afike kwake aseme.

(d) Stoo ifunguliwe. Mashine ikaguliwe na fundi, irudishwe kwa klabu, na siku nyingine mgeni akija aelezwe na walioitengeneza.

(e) Matangazo ya mashindano yabandikwe siku yanapopokelewa, yakiwa na tarehe ya kupokelewa.

(f) Kuanzia Januari, kipindi cha michezo na klabu kirudi angalau mara moja kwa wiki kwa kidato cha kwanza hadi cha tatu. Kwa kidato cha nne nitasikiliza hoja zenu.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku kumi na nne. Yasipopatikana nitaifikisha barua hii, pamoja na ile ya Agosti yenye muhuri wenu, kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, na nitaomba nionane naye ana kwa ana.

Kama ni vigumu kuanza na yote, tuanze na vyeti. Viko kabati la pili kutoka mlangoni, chini ya boksi la chaki.

Wenu katika ujenzi wa shule,

Mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu

Nakala: Wajumbe wote wa Bodi ya Shule, Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, Baraza la Wanafunzi